Kishikwambi kinachopoteza Wi-Fi: urekebishe kifaa, ruta, uongeze ripita au uhamie kwenye bando?

Video inakwenda vizuri, mara alama ya Wi-Fi juu ya kioo inatoweka. Unazima, unawasha, inarudi. Dakika kumi baadaye, yale yale. Ukiuliza watu utapata majibu chungu nzima: futa mtandao uingize nywila upya, hamisha ruta, nunua ripita (kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena mbali zaidi), achana na Wi-Fi uweke bando, peleka kwa fundi. Kila jibu limewahi kumsaidia mtu, na ndiyo maana kila mmoja anaapa kwa lake. Lakini kila moja linatibu ugonjwa wake, na ripita nyingi zilizolala makabatini zilinunuliwa kutibu ugonjwa ambao haukuwapo.

Makala hii inalinganisha njia nne, pamoja na ya fundi kwa ufupi. Kabla ya hapo kuna swali moja la kujibu.

Nani anayekatika?

Mtandao ukikatika, usikimbilie kuzima na kuwasha. Chukua simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo hiyo, simama mahali pale pale kilipo kishikwambi, ujaribu kufungua ukurasa wowote. Kisha nenda ukaangalie taa za ruta.

Taa zote zikizimika na kuwaka upya, tatizo ni umeme. Jioni, majirani wakiwasha pasi na majiko kwa pamoja, umeme hushuka nguvu. Balbu inafifia kidogo tu, ila ruta inajizima na kuanza kuamka upya, na hapo unakaa dakika mbili tatu bila mtandao. Adapta iliyochoka hufanya vivyo hivyo hata umeme ukiwa mzuri. Dawa yake ni adapta mpya au betri ndogo ya akiba ya ruta, ile ya volti 12. Hakikisha tu volti na ampea zinalingana na zilizoandikwa kwenye ruta.

Kwa wenye faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Waya umekunjwa sana, umechomoka au umekatwa huko njiani. Piga simu kwa mtoa huduma. Hakuna kitu utakachobonyeza kwenye kishikwambi kitakachosaidia.

Alama ya Wi-Fi ikiwa ipo kila mahali lakini hakuna ukurasa unaofunguka, hata kwenye simu, Wi-Fi yako ni nzima. Intaneti ndiyo haipo, pengine kifurushi kimeisha.

Yanabaki makundi mawili, na hayo ndiyo yanayohusika hapa: simu iko sawa ila kishikwambi peke yake kinakatika, au vifaa vyote vinasumbua chumbani ilhali sebuleni vinapeta.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa mambo matatu. Kwanza, inatibu nini hasa. Pili, inagharimu nini, si fedha tu bali muda, vitu unavyoweza kupoteza, na ruhusa. Hilo la ruhusa husahaulika: mpangaji anayetumia Wi-Fi ya mwenye nyumba hawezi kuingia kwenye ruta na kubadili anachotaka. Tatu, inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kurekebisha kishikwambi chenyewe

*Inatibu nini.* Kifaa kimoja kinachokatika huku vingine vikiwa sawa. Anza na jepesi: kwenye orodha ya mitandao, kiambie kisahau mtandao huo, kizime kabisa, kiwashe, uingize nywila upya. Isipotosha, kagua mambo haya.

Hali ya kuokoa betri, na zile programu za "kuongeza kasi" au "kusafisha simu", huweza kulaza Wi-Fi kioo kikizimika. Kama mtandao hukatika kila unapokiweka kishikwambi chini na kurudi ukikigusa, umempata mshukiwa. Zile programu za kusafisha, kwa maoni yangu, ziondoe tu; hasara yake ni kubwa kuliko faida.

Kishikwambi chenye laini kina kipengele cha kuhamia data ya simu Wi-Fi inapodhoofika. Wewe unaona Wi-Fi imekatika, kumbe kifaa kimeamua chenyewe kuhama, na bando linaliwa kimyakimya. Kizime kipengele hicho kwa siku moja uone.

Kisha kuna anwani ya faragha. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iPadOS 14 ya mwaka 2020, kifaa hakionyeshi ruta namba yake halisi ya utambulisho, bali namba ya bandia. Nyumbani kwa kawaida hilo halina madhara. Ila kwenye hosteli, ofisi au nyumba ambayo mwenye ruta anaruhusu vifaa kwa namba zake, kishikwambi chenye namba mpya ni mgeni asiyejulikana: kinatolewa nje au kinaombwa kuingia upya kila mara. iPadOS 18 imeleta hata chaguo la namba inayobadilika baada ya muda. Kwa mtandao unaouamini, zima anwani hiyo au ichague iliyo thabiti.

VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia ya siri) nayo ikilala, intaneti husimama huku alama ya Wi-Fi ikiwa imejaa. Na masasisho ya mfumo yasidharauliwe. iPad za kwanza zilipotoka Aprili 2010, Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani kiligundua kwamba baadhi yake ziliendelea kutumia anwani za mtandao ambazo muda wake ulikuwa umekwisha, zikaingiliana na vifaa vya wengine. Vifaa vilikuwa vipya kabisa. Kasoro ilikuwa kwenye programu.

Hatua ya mwisho ni kuweka upya mipangilio ya mtandao. Kwenye Android nyingi iko ndani ya Mipangilio, sehemu ya Mfumo, kwenye chaguo za kuweka upya. Kwenye iPad iko sehemu ya Jumla, chini kabisa.

*Gharama.* Fedha hakuna, muda ni nusu saa. Kuweka upya mtandao kunafuta nywila zote za Wi-Fi, na huweza kufuta pia vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha. Picha na mafaili hayaguswi. Soma vizuri kabla ya kubonyeza, kwa sababu jirani yake kwenye orodha hiyo hiyo ni chaguo la kufuta kila kitu.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu kama hatua ya kuanzia, hasa mpangaji asiye na mamlaka juu ya ruta. Haimfai mwenye kishikwambi cha kazini au cha shule kinachosimamiwa na mwajiri. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 Tanzania, kwa mfano, baadaye viligawiwa walimu. Chenye programu za ofisi ndani yake kiulizie kwa mtu wa TEHAMA kabla hujaweka upya chochote.

Njia ya pili: kurekebisha ruta

*Inatibu nini.* Mawimbi dhaifu au yanayogongana. Hapa pana mengi, na ndipo ninapoona watu wengi wakiruka haraka kwenda dukani.

Ruta nyingi za sasa hurusha masafa mawili. GHz 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini imejaa: majirani, Bluetooth, hata maikrowevu ya kupashia chakula huvuruga masafa hayo hayo. GHz 5 ina kasi na nafasi, ila ukuta unaimaliza nguvu. Nyumba ya tofali za saruji yenye zege na nondo juu inatosha kuidhoofisha. Ukienda Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita hivi, na GHz 5 huishia chumba ilimoanzia. Jokofu, kioo kikubwa cha kabati na tangi la maji navyo huzuia. Basi kuiinua ruta kutoka nyuma ya televisheni na kuiweka juu, katikati ya nyumba, ni dawa ya bure ambayo watu huipuuza kwa kuwa haina maajabu.

Ruta ikitumia jina moja kwa masafa yote mawili, yenyewe huamua kifaa kiende wapi. Baadhi ya vishikwambi vya zamani huyumba katika kuhamahama huko: unaona vinakatika na kurudi kila ukipita mlangoni. Ingia kwenye ruta kupitia kivinjari (anwani na nywila mara nyingi ziko kwenye stika chini yake, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1), uyape masafa majina mawili tofauti, kisha ukiunganishe kishikwambi na moja tu. Utajua ndani ya siku moja.

Baada ya hapo ni chaneli, yaani vijia vidogo ambamo masafa hayo yamegawanywa. Kwenye GHz 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, na upana uwe MHz 20, si 40. Programu za kuchunguza Wi-Fi kwenye Android zitakuonyesha majirani wamejazana wapi. Kwenye iPad, programu ya Apple iitwayo AirPort Utility ina kichunguzi kinachowashwa kupitia Mipangilio.

Kwenye GHz 5 kuna mtego ambao wengi hawaujui. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada. Sheria inailazimisha ruta, ikisikia rada, ihame chaneli mara moja, na kabla ya kuanza kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo isikilize kwanza kwa sekunde 60 angalau. Kwako inaonekana Wi-Fi imekufa ghafla, kisha imefufuka. Anayeishi karibu na uwanja wa ndege au bandari na kuona hali hiyo achague chaneli 36, 40, 44 au 48.

Mwisho ni usalama. WPA2 na WPA3 ni mifumo ya kulinda Wi-Fi kwa nywila. WPA3 ilikuja mwaka 2018, na kishikwambi cha kabla ya hapo huweza kusumbuka ruta ikichanganya WPA2 na WPA3. Jaribu WPA2 peke yake. Usiache mtandao wazi bila nywila eti kishikwambi kitulie.

*Gharama.* Bure, ila inataka jioni moja ya utulivu na ruhusa ya mwenye ruta. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kubadili kitu, ubadili kimoja kimoja, na kile kitufe kidogo cha kuweka upya nyuma ya ruta usikiguse: mipangilio ya mtoa huduma ikifutika, nyumba nzima itabaki bila intaneti hadi aje mtu wao.

*Inamfaa nani.* Mwenye ruta anayeona vifaa vyote vikisumbua, au anayeishi kwenye ghorofa lenye Wi-Fi kila mlango. Haimfaidii chochote mwenye kishikwambi kinachokatika hata kikiwa mezani karibu na ruta ilhali simu tatu ziko sawa.

Njia ya tatu: kuongeza kifaa

*Inatibu nini.* Umbali, basi. Kama ruta iko mahali pazuri na chumba cha mwisho bado hakipati kitu, hapo kifaa cha pili kina maana. Aina ni tatu.

Ripita ya kuchomeka ukutani ni rahisi kupata na kufunga. Kosa la kawaida ni kuichomeka chumba kile kile kisicho na mtandao, ambako inapokea udhaifu na kuurudia. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo programu ya kuchunguza inaonyesha karibu -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; ikikaribia sifuri ndiyo nzuri) au nafuu zaidi. Ikishuka kuelekea -80, hapo ni pa kukatikakatika. Na ripita ya masafa mamoja hupokea na kurusha kwa redio ile ile, hivyo kasi hupungua kwa karibu nusu.

Seti ya mesh ina vifaa viwili au vitatu vinavyozungumza wenyewe na kukihamisha kishikwambi bila fujo. Ni nzuri, na bei yake inajulikana kuwa kali.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiyeogopa kugusa waya: ruta ya zamani iliyobaki nyumbani, iliyounganishwa na ile kubwa kwa kebo. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e hufika mita 100. Kwenye ruta ya zamani unabadili anwani yake isifanane na ya kwanza, unazima DHCP (kile kinachogawa anwani kwa vifaa), kisha unachomeka kebo kutoka tundu lililoandikwa LAN la ruta moja hadi tundu la LAN la nyingine. Usipoizima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kwa wakati mmoja na kishikwambi kitakatika zaidi ya mwanzo.

*Gharama.* Kuanzia bei ya kebo hadi bei ya kishikwambi kingine. Kila kifaa pia kinataka umeme: umeme ukikatika na ruta kubwa ina betri ya akiba, ripita isiyo na betri inakufa na chumba chako nacho. Halafu vishikwambi vingine hung'ang'ania ruta ya mbali hadi mawimbi yaishe kabisa ndipo vihame. Kuzipa ruta hizo majina tofauti kunapunguza kero.

*Inamfaa nani.* Nyumba kubwa, ya ghorofa, au yenye kuta nene, na familia inayokaa humo kwa muda mrefu. Mpangaji wa chumba kimoja hana haja.

Njia ya nne: kuhamia kwenye bando

*Inatibu nini.* Haitibu, inakwepa. Lakini kukwepa nako kuna mahali pake. Unaweza kuweka laini kwenye kishikwambi chenye nafasi yake, kuwasha hotspoti ya simu, au kununua MiFi (ruta ndogo ya mfukoni inayotumia laini ya simu) yenye betri.

Hotspoti ina faida ya pili ambayo ni ya bure: ni kipimo. Weka simu kando ya kishikwambi, washa hotspoti, ukitumie kwa saa moja. Kikikatika na hapo, ruta haina kosa. Kikitulia, kishikwambi kina afya na uende njia ya pili. Kipimo hiki kina masharti mawili. Simu nyingi za Android huzima hotspoti zenyewe zikikaa bila kifaa, na iPhone kuanzia 12 zina swichi ya kuongeza upatanifu ambayo huirudisha hotspoti kwenye GHz 2.4, bila hiyo, kishikwambi kisichojua GHz 5 huenda kisiione kabisa.

*Gharama.* Ni ndogo kwa kusoma na kutuma ujumbe, kubwa kwa video: filamu ya ubora wa HD inaweza kula GB 3 kwa saa. Kwenye kishikwambi, uweke alama kwamba mtandao huo unapimwa (yaani data yake ina kikomo), au uwashe hali ya data ndogo kwenye iPad, la sivyo masasisho yatamaliza bando usiku ukiwa umelala. Betri ya simu nayo huchemka na kuisha.

*Inamfaa nani.* Msafiri, mpangaji wa muda, mwenye eneo ambalo umeme hukatika kila mara ilhali mnara wa simu unabaki hewani. Pia mwenye mtihani au kikao kesho asubuhi. Haiwafai watoto wanaotazama katuni kutwa.

Na fundi?

Peleka kwa fundi ukiwa na dalili, si kwa kubahatisha. Kama kishikwambi hushika Wi-Fi kikiwa mita moja tu kutoka kwenye ruta, au swichi ya Wi-Fi imepauka na haiwashiki, au Bluetooth imekufa pamoja nayo (mara nyingi hukaa kwenye chipu moja), ni vifaa vya ndani.

Uliza pia: kilianza lini? Kama ni tangu kioo kibadilishwe, waya mwembamba wa antena huenda haukurudishwa sawasawa kwenye kishikizo chake, au ulibanwa na fremu. Hiyo ni kazi ya kufungua, kubonyeza na kufunga. Chipu yenyewe ikiwa imekufa ni habari nyingine, maana imeunganishwa kwa risasi kwenye bodi na inataka fundi mwenye mashine ya hewa ya moto. Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, hifadhi nakala ya mafaili kabla, utajiwe bei kabla hakijafunguliwa, na uombe kijaribiwe mbele yako kwa hotspoti ya simu yako, ukirudi nyuma hatua kumi. Betri ikiwa imevimba, usisubiri hilo la Wi-Fi.

Kwa hali yako

Umepanga chumba na Wi-Fi ni ya mwenye nyumba: njia ya kwanza yote, pamoja na anwani ya faragha, kisha kipimo cha hotspoti. Kikifaulu kipimo, mwombe mwenye nyumba kwa adabu abadili chaneli au ahamishe ruta. Kumpelekea picha ya programu ya kuchunguza kunasaidia kuliko malalamiko.

Nyumba ni yako, na vifaa vyote vinasumbua chumba cha nyuma: hamisha ruta kwanza, badili chaneli, ujaribu kwa siku chache. Ripita au kebo baadaye, kama bado.

Unakaa ghorofani mjini na Wi-Fi za majirani ni nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu: GHz 5 kwenye chaneli za chini kama kishikwambi kinaiweza. Kama hakiiweki kwenye orodha kabisa, huenda ni cha GHz 2.4 pekee, kipatie chaneli yenye watu wachache na usitarajie muujiza usiku.

Kishikwambi ni cha mtoto na kinakatika akiwa kitandani tu: angalia amekishikaje na kasha lake ni la nini. Kasha lenye bamba la chuma, au mkono uliofunika ukingo ilipo antena, hupunguza mawimbi ambayo tayari ni dhaifu.

Kishikwambi ni cha zamani, hakipati tena masasisho, na fundi ametaja bei inayokaribia nusu ya kipya: kitumie na hotspoti karibu, au kwa vitabu na video ulizopakua, na fedha ya fundi iwe mwanzo wa kingine.